Mafundi wa Songea na Iktisadi ya Betri

Mji wa Songea, uliopewa jina la Nduna Songea Mbano, shujaa wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwezi Februari 1906 katika vita vya Majimaji, umeandikwa sana vitabuni kwa sababu ya vita, kwa sababu ya tumbaku na kwa sababu ya abasia ya Peramiho. Lakini iko sanaa moja ndogo, isiyo na makumbusho wala mnara, ambayo kwa rai yangu inastahiki kuingizwa katika tarehe ya mji huo, nayo ni sanaa ya kukuza sauti kwa nguvu ya betri. Mpita njia akimwona leo kijana wa Majengo au Mfaranyaki ameinamia meza, mkononi ana pasi ya kulehemu, mbele yake kikopo cha bati ambamo anapanga kikuza sauti cha hedifoni kisichozidi ukubwa wa viberiti viwili, huenda akadhani kuwa huo ni mchezo mgeni ulioletwa juzi kutoka ng'ambo. Dhana hiyo ina ukweli kwa upande wa vifaa, kwani vifaa hivyo hakika vimetoka mbali. Kwa upande wa fikra haina, maana mawazo yanayotawala kazi ile, yaani namna ya kupata sauti nyingi kwa umeme kidogo, yalikwisha kukaa katika mikono ya mafundi wa Ungoni kabla kijana huyo hajazaliwa.

Ili jambo hili lifahamike, sharti kwanza tuikumbuke jiografia. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni safari ya kilomita zipatazo 950 kwa njia ya Iringa, Makambako na Njombe, na barabara ya lami kutoka Makambako haikufika mjini ila katika miaka ya 1980. Reli haikufika kabisa: ile iliyojengwa kusini kwa ajili ya mradi mashuhuri wa karanga ilitoka pwani ya Mtwara ikaishia upande wa Nachingwea, mbali na Songea, na baada ya mradi kufilisika nayo hatimaye ikang'olewa. Ama umeme, mji ulitegemea mitambo ya dizeli kwa miaka mingi, ikisaidiwa baadaye na maji ya mto Ruvuma pale Tulila, ambako masista Wabenediktini wa Chipole walifungua mwaka 2015 kituo cha megawati 5. Gridi ya taifa yenyewe ilifika mwaka 2018 kwa njia ya nguzo za kilovolti 220 kutoka Makambako. Vijiji vya kandokando, ambako ndiko waliko watu wengi, havikuwa na hata hiyo dizeli. Basi kwa muda wa miaka karibu sabini, tangu redio ya kwanza kusikika hadi nguzo zile zilipowasili, mwenye kutaka kusikia sauti isiyo ya mtu aliye mbele yake alilazimika kuinunua dukani kwa kipimo cha betri, na kila dakika ya muziki ilikuwa na bei yake.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Mwaka 1956 ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikageuzwa kuwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Masafa mafupi ndiyo yaliyovuka milima ya kusini, nayo yalikuja na mikwaruzo na kupwaya kwake, sauti ikipanda na kushuka mithili ya maji ya pwani. Lakini taabu kubwa zaidi ilikuwa katika chombo chenyewe. Redio za zamani zilifanya kazi kwa vali, yaani vile vichupa vya kioo vyenye uzi unaopashwa moto ndani yake, na kila chombo cha namna hiyo kilidai betri mbili kwa wakati mmoja: moja ya volti 1.5 au karibu yake kwa ajili ya kuwasha nyuzi, na nyingine ya volti 90 kwa ajili ya kuvuta mkondo ndani ya vali. Jirani zetu wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, walijaribu kulitatua jambo hili mwaka 1949, pale mkuu wa idara ya habari, bwana Harry Franklin, alipoishawishi kampuni ya Ever Ready kutengeneza redio nyepesi ndani ya bakuli la alumini lililofanana na sufuria. Chombo kiliuzwa kwa paundi 5, na betri yake kwa shilingi 25 nyingine, nayo ikadumu kwa saa zipatazo 300. Hesabu hiyo yatosha kuonyesha ni nani aliyeweza kuwa msikilizaji katika zama zile. Upande wa Songea alikuwa mwalimu, karani wa boma, padri, au mkulima wa tumbaku aliyepokea malipo yake kwa njia ya chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo kilichoundwa mwaka 1936. Na pengine alikuwa manamba aliyerudi kutoka mashamba ya mkonge ya Tanga akiwa na akiba ya miaka.

Vali ilikuwa na ila moja isiyo na dawa: ilikula umeme hata palipokuwa kimya, kwa kuwa uzi wake sharti uwake ndipo kazi ianze. Transista, iliyozaliwa katika maabara ya Bell huko Marekani mwezi Desemba 1947, haikuwa na uzi wa kuwashwa. Redio ya kwanza ya transista iliyouzwa madukani, Regency TR-1 ya mwaka 1954, ilikuwa na transista 4 tu, na betri yake iliingia kiganjani. Miaka kumi baadaye Wajapani na Waholanzi walikuwa wamezieneza redio za namna hii duniani kote. Kwetu kiwanda cha Philips kikawa kinaziunganisha pale Arusha, na kampuni ya Matsushita ya Japani ikajenga kiwanda Dar es Salaam, ambacho betri zake za National ziliingia katika kila duka la mtaa, zikakaa rafu moja na chumvi, sabuni na mafuta ya taa.

Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ndani ya zile redio za kwanza za transista ndimo mlimokuwa chuo cha fundi wa Songea, ijapokuwa hapakuwa na mwalimu wala cheti. Hatua ya mwisho ya redio, ile inayosukuma spika, ilikuwa na transista mbili za jeremani (germanium) zilizopokezana kazi kama watwangao wawili katika kinu kimoja: hii ikiinua mchi, ile inashusha. Palipokuwa hapana sauti, zote mbili zilipumzika, zikanywa umeme kidogo mno. Sauti ilipokuja, zikaamka kwa kadiri ya ukubwa wake. Kwa hikima hiyo msikilizaji aliyeteremsha sauti alilipa kidogo, na aliyeipandisha akalipa zaidi, jambo ambalo vali hazikulijua kwa kiasi hicho. Lakini mapumziko hayo yana mpaka. Transista zikilazwa usingizi mzito kupita kiasi, huchelewa kupokezana, na katika lile pengo la kupokezana sauti hukatika na kukwaruza, hasa sauti ndogo. Zikiachwa macho kupita kiasi, sauti huwa laini lakini betri huisha upesi, na jeremani ikipata joto huzidi kuvuta mkondo, na kuzidi kuvuta mkondo huzidisha joto, hata transista ikaungua. Fundi aliyebadilisha transista iliyokufa kwa nyingine isiyofanana nayo, maana inayofanana haikupatikana, alilazimika kuitafuta tena mizani hiyo: kubadili rezista moja, kusikiliza, kugusa transista kwa ncha ya kidole kupima joto lake, kisha kubadili tena. Mtu afanyaje kazi hiyo na bado aitwe mrekebishaji tu? Kwangu mimi huyo ni msanifu wa saketi, na kama hakuchora mchoro ni kwa sababu hakuna aliyeuhitaji.

Betri nazo zilikuwa na elimu yake. Zilizochoka zilianikwa juani, na asubuhi mtu aliweza kuziona zimepangwa juu ya bati au ukingo wa dirisha. Wengine walizing'ata kwa meno au kuzigonga. Wasomi walipata kuwacheka, na kwa kweli kung'ata hakuna faida kubwa, lakini jua lilikuwa na hoja yake: joto huharakisha mwendo wa kemikali ndani ya betri ya zinki na kaboni, na pumziko peke yake huirudishia nguvu kidogo, hivyo mwenye subira alipata taarifa ya habari moja zaidi, au mbili. Hasara yake ni kwamba zinki iliyokwisha kuliwa hutoboka, dawa ikavuja na kuozesha springi za shaba ndani ya redio. Na sehemu si haba ya kazi ya fundi ilikuwa kusafisha uozo huo. Ndipo ikaenea desturi ya kuzitoa betri nje ya redio kabisa: zilipangwa katika mwanzi uliopasuliwa au juu ya kibao, zikafungwa kwa mpira wa tairi la ndani la baiskeli, waya mbili zikaingia redioni. Nje palikuwa na nafasi ya betri nyingi kuliko alizokusudia mtengenezaji, na palipohitajiwa betri nne mpya mtu aliweza kupanga sita zilizochoka, volti zikatimia. Wanafunzi wa uhandisi hufundishwa darasani kwamba betri inayochoka hupoteza volti na pia huongeza ukinzani wa ndani. Mwenye mwanzi wa betri sita alilijua hilo kwa kusikia tu, pale ngoma ilipopigwa redioni na sauti yote ikazama kwa kila pigo.

Mwaka 1973 serikali ilipoanzisha kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini walikusanyika kwa vikundi kusikiliza mafunzo ya redio, na katika vijiji kikundi kizima kilizunguka redio moja. Spika ndogo ya redio ya nyumbani haikuundwa kwa ajili ya umati chini ya mwembe. Sauti ilipandishwa hadi mwisho, betri zikalia, na bila shaka mafundi wengi walianza hapo kuulizwa swali ambalo si la kurekebisha bali la kubuni: je, redio hii yaweza kusikika mbali zaidi bila kula zaidi?

Swali la upande wa pili, la kusikia peke yako, lilikuwa limetangulia. Redio nyingi ndogo za transista zilikuja na kisikilizi kimoja cha sikio, chenye waya mwembamba na kichomeko cha pembeni. Mkoa wa Ruvuma, ulimo mji wa Songea, unapakana na Msumbiji, ambako vita vya ukombozi vya FRELIMO vilianza tarehe 25 Septemba 1964, na matangazo ya chama hicho yalirushwa kutoka Dar es Salaam. Ng'ambo ya mto, kusikiliza matangazo hayo kwa sauti ya kusikika nje ya nyumba hakukuwa jambo la busara. Upande wetu kisikilizi kilifaa kwa aliyetaka kusikia idhaa za usiku bila kuwaamsha walala. Lakini faida yake kubwa ilikuwa ya kiuchumi, na watu waliigundua bila kuambiwa. Spika hukijaza chumba hewa inayotikisika, kisikilizi hutikisa hewa ya tundu la sikio tu. Kwa hiyo kinachohitajiwa sikioni hupimwa kwa sehemu za elfu za wati, ilhali spika ya redio hutaka mamia ya sehemu hizo. Betri iliyokwisha kushindwa kuendesha spika iliweza kuendesha kisikilizi kwa siku kadhaa baada ya hapo. Aliyechomeka waya sikioni, basi, aliweza kuwa ni mtu wa siri, na aliweza pia kuwa ni mtu ambaye tumbaku yake haijalipwa.

Dhiki ilizidi baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Fedha za kigeni zikaadimika, na vipuri vikawa hadithi mpaka serikali ilipolegeza masharti ya uagizaji bidhaa mwaka 1984. Katika miaka hiyo fundi aliishi kwa redio zilizokufa. Kila karakana ilikuwa na boksi au gunia la makorokoro, na humo kila redio ilikuwa ghala: hii imetoa koili, ile imetoa kapasita, nyingine imebaki ganda. Pasi ya kulehemu ilikuwa kipande cha shaba chenye mpini, kikapashwa katika jiko la mkaa, na risasi ikakusanywa kutoka viungo vya zamani na kuyeyushwa tena. Yapo maarifa mazuri yaliyotokana na ufukara huo. Fundi aliona kwamba redio hufa zaidi upande wa kunasa mawimbi, ambako koili nyembamba hukatika na kondensa ya kuzungushia huchakaa, huku upande wa kukuza sauti ukibaki mzima. Akaukata ubao wa saketi kwa msumeno, akatupa nusu ya mbele, akaitia nusu ya nyuma katika kijisanduku cha mbao pamoja na spika na kifundo cha kupandishia sauti, naye akawa na kikuza sauti cha betri cha kuunganisha na gramafoni au, baadaye, na kinanda cha kaseti. Hakikuwa na jina la kiwanda. Ndicho, nionavyo mimi, babu wa moja kwa moja wa kile kikopo cha bati cha kijana wa Mfaranyaki.

Kaseti zilileta hedifoni za masikio mawili. Sony walitoa Walkman yao ya kwanza mwezi Julai 1979, yenye kuendeshwa kwa betri mbili ndogo. Vifaa vya kuiga vilipoanza kuingia nchini baada ya 1984 vilikuwa na kitu kipya ndani yake, kijidude cheusi chenye miguu minane, ambamo transista nyingi zilifungwa pamoja. Kwa mafundi wa rika la jeremani hilo lilikuwa pigo na neema kwa pamoja: hapakuwa tena na mizani ya kutafuta kwa kidole, kwa kuwa mizani imekwisha kuwekwa ndani na kiwanda, lakini pia kazi ya siku moja ikawa ya saa moja. LM386, mojawapo ya vijidude hivyo na inayopatikana mpaka leo, hutaka kapasita chache na rezista moja, hukuza sauti mara 20 bila nyongeza, na ikiongezewa kapasita moja kati ya mguu wa kwanza na wa nane huikuza mara 200. TDA2822M ina vikuza sauti viwili ndani ya mwili mmoja, vya kulia na kushoto, na sifa yake iliyoipendekeza kwa watu wa betri ni kwamba huendelea kufanya kazi hata volti zikishuka hadi 1.8.

Mwaka 1996 Radio Maria ilipoanza kutangaza kutoka Songea yenyewe, masafa mafupi yenye kupwaya yalipata mshindani wa karibu mwenye sauti safi, na mtu aliyezoea kusamehe mikwaruzo akaanza kutofautisha mkwaruzo wa angani na mkwaruzo wa chombo chake. Naamini ladha hiyo ya usikivu ndiyo iliyofungua mlango wa kuunda kikuza sauti kwa ajili ya raha, si kwa ajili ya dhiki.

Miaka ishirini na zaidi iliyopita Chu Moy wa Marekani alichapisha mchoro wa kikuza sauti cha hedifoni cha mfukoni, ambao wapenzi wa ufundi katika nchi nyingi waliujenga ndani ya vikopo vya bati vya peremende. Una uzuri wa kushangaza kwa udogo wake: betri moja ya volti 9 hugawanywa katikati na rezista mbili zilizo sawa, ili saketi ione volti 4.5 juu na volti 4.5 chini ya mstari wa kati, na sauti ipite bila kapasita kubwa mbele ya hedifoni. Lakini ukiutazama kwa jicho la Songea unaona mara moja kwamba umeandikwa na mtu asiyehesabu betri. Betri ile ya volti 9 ya zinki na kaboni huwa na akiba ya miliampea-saa zipatazo 400. Ukitumia LM386 mbili, kila moja ikinywa miliampea 4 hata pasipo sauti, akiba hiyo haifiki saa 50. Betri mbili kubwa za tochi, ambazo kila duka la kijijini huziuza, zina akiba ya mara nyingi zaidi ya hiyo, na TDA2822M hunywa miliampea zipatazo 6 tu kwa masikio yote mawili. Mtu akiziunganisha atasikiliza kwa mamia ya saa, na volti 3 zake zikishuka hadi 2 muziki bado upo. Kinachopotea ni ukubwa wa sauti katika hedifoni zenye ukinzani mkubwa, na unyenyekevu wa mfuko wa shati, kwa kuwa betri za tochi hazifichiki. Kwa hedifoni za omu 32, ambazo ndizo zinazouzwa kila mahali, hasara hiyo ni ndogo, nami nisingesita kuichagua.

Siku hizi wengi huikwepa hesabu hiyo kwa kutumia betri ya lithiamu kutoka simu iliyovunjika, yenye volti 3.7, inayochajiwa kwa paneli ndogo ya jua kupitia kibao cha kuzuia isipite volti 4.2 wala isishuke chini ya 3. Kibao hicho si cha kupuuzwa, maana lithiamu haina uvumilivu wa zinki. Haianikwi juani wala haing'atwi.

Tangu gridi ilipofika mwaka 2018, karakana za mjini zina umeme wa ukutani, na ingedhaniwa kwamba betri imeachwa kwa ajili ya vijiji. Imekuwa vingine. Umeme wa ukutani huja na mvumo wake wa hezi 50, na chaja za bei nafuu huongeza mlio mwembamba juu yake. Katika spika kubwa mvumo huo humezwa na kelele za chumba, lakini katika hedifoni, sentimita chache kutoka kiwambo cha sikio, husikika kila wimbo unaponyamaza. Aliyejenga kikuza sauti chake kwa uangalifu, akakichomeka kwenye chaja ili kuokoa betri, husikia mvumo huo usiku wa kwanza. Akichomoa waya, unakoma, na sauti inayobaki ni ile iliyorekodiwa tu. Hapo huanza kununua betri kwa hiari yake, yeye ambaye nguzo ya umeme imesimama mlangoni pake.